Kitalu cha Kisogoni

Usevya, 9 Januari 2025

Mdogo wangu Eustace,

Usishtuke kupata karatasi. Simu yangu ilizama kwenye jaruba la mpunga wiki mbili kabla ya Krismasi. Niliitafuta kwa miguu mpaka jua likazama, nikapata konokono. Sinunui nyingine kwa sasa. Agatha jirani anasema nitumie yake, lakini simu ya Agatha huongea kwa sauti kubwa na nusu ya kijiji hujibu. Kwa hiyo nitakuandikia, na binamu yetu Sixte atakuletea, maana Noah yake ya abiria kila siku mbili inapita mbele ya studio yako ya picha hapo Mpanda.

Krismasi hukuja. Jogoo niliyekuwekea tumemla bila wewe, na alikuwa mgumu. Baba mdogo Gervas anasema umenuna tangu Pasaka, pale aliposema komwe la marehemu Baba limehamia kwenye paji lako. Nikamwambia mtu mzima hanuni kwa sababu ya komwe.

Lakini sasa Sixte ananiletea habari nyingine. Anasema alikuona standi tarehe sita ukishuka kwenye basi, una bandeji chini ya kofia na uso umevimba kama umeumwa na nyuki. Akakuita, ukajifanya hujasikia. Umepigwa? Unaumwa? Mama alipokufa ulikuwa na miaka saba na mimi ndiye niliyekuogesha, kwa hiyo usinifiche kama mgeni.

Halafu kikundi chetu cha wakulima kinataka picha za kadi za serikali. Nikija unipige, ila usianze tena kuniambia nitoe kitambaa kama mwaka ule. Kitambaa kinabaki.

Dada yako,
Getrude


Mpanda, 13 Januari 2025

Dada Getrude,

Barua yako imekaa mezani siku mbili nikiizunguka. Leo nimefunga studio mapema ili nijibu kabla moyo haujarudi nyuma.

Sixte aliona vizuri. Sijapigwa wala siumwi. Nilienda kupandikiza. Nimeandika, sasa umejua. Na ni mara ya pili. Ya kwanza ilikuwa mwaka juzi, nikawaambia nyie nimeenda kozi ya kamera. Mbele palishika vizuri sana, lakini nyuma yake paliendelea kukauka, pakabaki pengo katikati, ikawa aibu kuliko mwanzo. Ndiyo maana nimerudia.

Mambo haya ni ya Baba, nimeyarithi mimi peke yangu. Nilianza kuyaona nikiwa na miaka ishirini na mbili na sijampa mtu yeyote nafasi ya kuyazungumza. Wewe ndiye wa kwanza. Naomba Baba mdogo asijue, atanitangaza hadi kanisani kigangoni.

Huko nyuma bado pananiuma, nalala kifudifudi. Mtaalamu amenipa dawa ya kunyunyizia kila asubuhi. Vinginevyo niko salama. Kama umenichukia niambie tu.

Mdogo wako,
Eustace


Usevya, 17 Januari 2025

Mdogo wangu,

Nikuchukie! Nimepiga vigelegele peke yangu jikoni mpaka Agatha akaja kuuliza nani kaolewa. Sijamwambia, usiogope.

Miaka yote hii nilijua umetukimbia. Ulipoenda mjini na kamera yako nilisema huyu basi, mambo ya Baba yamekufa na Baba. Kumbe ulikuwa nayo moyoni na unaona haya kusema. Haya ya nini? Kupandikiza mara ya pili si aibu hata kidogo. Mwaka ule wa mafuriko jaruba langu la chini nililipanda mara tatu. Mara ya kwanza maji yakabeba, mara ya pili viboko wakapita katikati kama wako barazani kwao, mara ya tatu nikavuna. Watu waliniita kichwa kigumu. Nikawaambia ndiyo.

Maumivu ya nyuma ni ya kawaida kwa mtu asiyezoea kuinama. Yataisha. Na kofia usiivue, jua la Januari linapiga.

Ila nisikilize jambo moja, kwa sababu hili wengi hawalijui mpaka wameshaharibu. Angalia kitalu chako. Mtu akiona mapengo hupata tamaa, anang'oa miche yote siku moja ili apajaze papendeze. Halafu penye mapengo mapya anarudishia nini? Kitalu ukishakimaliza kimekwisha. Chukua kidogo, bakiza. Na usipande kwa kubananisha. Ukiacha nafasi nzuri mtu akisimama mbali anaona pamejaa.

Najivunia wewe. Naandika hivi na machozi yananitoka, usicheke.

Dada yako,
Getrude


Mpanda, 26 Januari 2025

Dada yangu,

Sicheki, nami nililia. Barua yako nimeisoma nimesimama, nikaisoma tena nimekaa. Nilidhani utasema ni ubishoo, ni mambo ya wasanii, kwamba mwanamume wa miaka thelathini na sita angekuwa anafikiria kuoa na kujenga. Badala yake unaniambia habari za kitalu, maneno yaleyale aliyoniambia mtaalamu, na kwa lugha nzuri kuliko yake. Umejifunza wapi haya yote? Nimeanza kufikiri kwamba ningekuambia tangu mwanzo nisingeteseka hivi.

Kwa kuwa sasa tunaongea wazi, nikuambie na hofu yangu. Wiki hii ya tatu zimedondoka. Karibu zote! Asubuhi nazikuta kwenye mto, nikiosha zinabaki mkononi. Mtaalamu alinionya kwamba itatokea, anasema mizizi imebaki chini na baada ya miezi mitatu zitachipua upya. Mara ya kwanza pia ilikuwa hivyo. Lakini kila nikiona pamebaki peupe nahesabu upya zilizobaki. Ningekuwa na imani kama yako ningelala.

Mdogo wako anayekushukuru,
Eustace


Usevya, Jumatano, 29 Januari 2025

Eustace,

Naandika haraka, Sixte anapiga honi.

Kwanza ni "imedondoka". Miche imedondoka. Mimi niliishia darasa la saba, nikafanya vibarua ili wewe uende sekondari, na unaniandikia "zimedondoka" kama mtoto wa chekechea! Na kwenye mto ulienda kufanya nini na viboko hawa?

Pili, huyo bwana shamba wako ni mwongo. Mpunga ukidondoka wiki ya tatu umekufa. Hakuna miezi mitatu, hakuna mizizi iliyobaki, huo ni udongo tu. Ama alikupa dawa kali ama maji yalikauka. Usimsikilize tena.

Sikiliza mpango wangu. Kitalu changu mwaka huu kimetoka vizuri. Vipande viwili nilivikusudia jaruba la chini, sasa nimekutengea wewe. La chini litasubiri, limenizoea. Jumamosi asubuhi naviweka kwenye gunia lenye maji na nakuja navyo. Naamini shamba lako liko Kakese, maana kwingine karibu na mjini hakuna bonde la maana. Niambie ni upande gani na ni ekari ngapi. Tutarudishia wote wawili, siku moja tu, kama tulivyokuwa tukimsaidia Baba.

Usife moyo. Mimi nipo.

Getrude


Mpanda, Ijumaa, 31 Januari 2025

Dada,

Nakuomba usije Jumamosi. Barabara ni mbaya, mvua imeharibu daraja la njiani, na huku kwenyewe maji yamejaa hapapitiki. Pamekuwa sawa sasa, mtaalamu amerudi amerekebisha. Miche yako panda kwenye jaruba lako, tafadhali sana. Nitakueleza vizuri siku nyingine. Nimempa Sixte barua hii na nimemwambia akukabidhi mkononi leo hiihii.

Eustace


Usevya, 3 Februari 2025

Ndugu Eustace,

Barua yako ya Ijumaa nimeipata Jumapili. Noah ya Sixte ilikwama kwenye tope la barabara hiyohiyo uliyoisema, hapo umesema kweli.

Jumamosi nilikuja na basi, saa nne asubuhi nikawa Kakese. Gunia lilikuwa zito kwa maji, nikalibeba mwenyewe kichwani kutoka barabarani hadi majarubani. Nikauliza jaruba la Eustace mpiga picha. Wa kwanza hajui. Wa pili akasema niende upande wa pili wa mfereji. Huko nikaambiwa nirudi. Nimepita majaruba ya watu hadi saa tisa, natia miguu kila tope, nasalimia kila mtu, nikisema ni dada yake, nimemletea miche. Mwisho mzee mmoja, Obadia, akanionea huruma akanipa maji ya kunywa. Anakufahamu. Alisema, "Yule wa studio? Mama, yule hata viatu vyake havijawahi kugusa tope la huku." Wenzake wakacheka. Na mimi nilicheka, ningefanya nini.

Miche ilikuwa imelegea. Nikamwachia Obadia awape ng'ombe wake. Studio yako haikuwa mbali, lakini sikupita. Sikutaka unikute na tope lile kwenye viti vya wateja.

Jaruba la chini liko wazi. Kila nikitoka nje naliona. Kama una mwanamke unamtunza huko na hilo shamba ni jina lake, sema. Kama una deni, sema. Kama unaumwa ugonjwa usiotajika, sema pia, nimeshauguza watu. Lakini usiniandikie tena kitu ambacho sicho.

Getrude


Mpanda, 9 Februari 2025

Dada Getrude,

Hakuna mwanamke, hakuna deni, hakuna ugonjwa wa kuua. Ni nywele.

Nimepandikiza nywele, dada. Kichwani. Kuna hospitali Dar wanakulaza kifudifudi siku nzima, wanatoa nywele za kisogoni na mizizi yake, moja moja, kisha wanakugeuza na kuzipanda mbele. Neno lao ni hilohilo la kwetu, kupandikiza, na kisogo wanakiita kitalu. Nilipokuandikia mara ya kwanza niliamini nimekiri kila kitu. Naapa. Nilipoona vigelegele vyako nilidhani umenielewa na kunikubali, na wiki zile mbili zilikuwa nzuri kuliko zote nilizopata tangu nije mjini. Ulipouliza ekari ngapi ndipo nikajua, nikaketi chini sakafuni studio. Nilikuwa na siku nzima ya kukuandikia ukweli nikakuandikia habari za daraja. Daraja ni zima. Kosa hilo ni langu, sisingizii neno lolote lenye maana mbili.

Wacha nikueleze mwanzo wake. Ndani ya droo yangu kuna bahasha. Kila mwaka, siku yangu ya kuzaliwa, nafunga mlango, naweka kamera kwenye kigoda, najipiga picha ya pasipoti. Ziko kumi na nne. Ya kwanza nywele zinaanzia karibu na pale zinapoanzia kwa kila mtu. Ya nne zimerudi nyuma pembeni. Ya nane, Gervas angefurahi. Kazi yangu ni kuwaweka watu sawa. Mtu anakuja na kovu, na jicho jekundu, namsafisha kwenye kompyuta anatoka anatabasamu. Kuna mteja mmoja, mzee kabisa, alinipa kiti akaniambia, "Kaa mzee mwenzangu." Nilikuwa na miaka ishirini na tisa.

Mara ya kwanza walikata mkanda wa ngozi ya kisogoni kutoka sikio hadi sikio. Kovu lipo, ndiyo maana siendi kunyoa kwa kinyozi yeyote, najipunguza mwenyewe kwa mkasi na vioo viwili. Za mbele zilishika, lakini tatizo lenyewe halisimami, dada. Zile zilizopandwa zinadumu. Zile za kuzaliwa nazo nyuma yake zinaendelea kwenda. Nikawa na kisiwa mbele na uwanja katikati. Hii ya Januari ni ya kujaza uwanja. Na utosini nako kumeanza. Daktari ameshanipima, anasema kitalu changu kimebaki cha mara moja tu, basi.

Na hiyo mara moja nitaenda. Januari ijayo. Nakuambia sasa ili usiseme nilikuficha. Najua utasema Mungu ndiye aliyepanga, na kwamba Baba aliishi vizuri na kichwa chake. Nimejiambia hayo yote miaka kumi na minne na bado nataka. Nataka kuingia kanisani bila kutafuta benchi la nyuma ili mtu asikae nyuma yangu. Sitaki kuwa kijana wala msanii. Nataka picha ya kumi na tano nisiifiche kwenye droo.

Nilichokiharibu nitakilipa kwa mikono. Niambie siku, nitakuja kulima jaruba la chini. Kama hutaki kuniona, nitakuja saa ambayo hutaniona.

Nisamehe kwa Kakese. Nawaza gunia lile kichwani kwako, siwezi kula.

Eustace


Usevya, 10 Machi 2025

Eustace,

Nimechelewa makusudi. Wiki ya kwanza nilikuwa na hasira, wiki ya pili nikaanza kucheka, nikawa nakasirika kwa sababu nacheka. Niko kwenye maji hadi magoti, nakumbuka nilivyokuandikia usibananishe, nakaa kwenye tuta nashika mbavu. Agatha anafikiri nimechanganyikiwa.

"Zimedondoka"! Mimi niliyekuwa wa kwanza kwa Kiswahili darasa zima nikakusahihisha. Kumbe wewe ndiye uliyeandika sawa. Silabi moja ndogo mwanzoni pale ilikuwa inanipigia kelele, na mimi nikaifuta. Na mto ulikuwa wa kulalia.

Kakese nimekusamehe. Daraja sijakusamehe, hilo litachukua muda. Usije kulima, utaniharibia matuta. Jaruba la chini nimeomba mabaki ya miche kwa Agatha na kwa watu wa juu, mche huku, mche kule, nikapanda nusu yake mwezi wa pili umeshapita katikati. Kila mtu aliniambia nimechelewa. Mpunga umeshika.

Sasa habari yako. Nimesoma barua yako mara nne. Sitakuambia habari za Mungu, Padri yupo kwa kazi hiyo. Wala sitakuambia uache. Mtu aliyepanda jaruba moja mara tatu hana mdomo wa kukuambia uache. Ila kuna maneno yako yaliyoninyima usingizi: kwamba kitalu chako kimebaki cha mara moja tu.

Nina swali, na usimsomee mtu. Waulize hao madaktari kama wanapokea za dada. Sisi ni baba mmoja mama mmoja. Kisogoni zangu zimejaa, tena ngumu, kitana kinavunjika. Wang'oe watakazo. Utosini usiwaahidi, huko sina. Nilishakuwa sina tangu uko kidato cha pili. Maji ya kuuza, kuni, magunia ya watu, ngata ya kubebea ilikuwa inakaa palepale kila siku miaka mingi, ikapala mpaka pakawa kama kiganja. Nikafunga kitambaa. Watu wakasema Getrude amekuwa mcha Mungu, nikawaacha.

Usianze kulia. Sikukuambia ili ulie, nimekuambia ili waniandalie kisogo.

Dada yako,
Getrude


Mpanda, 2 Aprili 2025

Dada,

Nimelia, huna la kufanya.

Mara ngapi nimekuambia "toa kitambaa, picha itoke vizuri". Mbele ya wateja. Nakuweka sawa mabega, nakuambia usikunje uso. Siku moja nilikivuta kidogo kwa nyuma nikitania, ukanipiga kofi mkononi, nikakuita mshamba. Kumbe uliyempiga kofi ndiye aliyevaa sare ya shule iliyonunuliwa kwa huo utosi. Hapo nimeandika na kufuta mara tatu. Nimeacha mstari.

Nimempigia daktari. Kwanza alicheka, kisha akasema katika miaka yake yote hajawahi kuulizwa hivyo. Jibu ni hapana. Kichwa hakipokei nywele za mtu mwingine, hata za dada wa baba mmoja mama mmoja. Mwili unazikataa. Kila mtu hupandikizwa za kwake tu.

Lakini nikamuuliza la pili. Nikamweleza ngata. Anasema mahali palipokwisha kwa kubebea mizigo, kama pamesimama haparudi nyuma tena, panaweza kupokea. Kutoka kisogo chako kwenda utosi wako, dada. Si lazima. Sikushawishi. Nimekuambia kwa sababu tumekubaliana hakuna kufichana.

Mimi Januari naenda. Ila nimemwambia tunabadilisha hesabu. Nilikuwa nimepanga achukue zote zilizobaki ajaze mbele na utosi pawe pamoja. Nimemwambia achukue nusu, azipande kwa nafasi, nusu ibaki kisogoni ya kurudishia, kwa sababu tatizo langu halijasimama na najua litaniletea pengo lingine. Aliniuliza nani amenishauri vizuri hivyo. Nikamwambia bwana shamba wangu, yuko Usevya.

Na zimeanza kuchipua. Nyembamba kama za mtoto mchanga, lakini zipo. Jumapili nilikaa benchi la tatu. Kofia niliiacha nyumbani, nikaikumbuka tayari tuko kwenye sala ya waamini, nikatoka jasho, nikabaki.

Mdogo wako,
Eustace


Usevya, 15 Juni 2025

Mdogo wangu,

Mavuno yalinikalia shingoni, ndiyo maana kimya. Jaruba la chini nusu ile imetoa magunia matatu. Wote walioniambia nimechelewa nimewapikia.

Habari ya daktari nimeifikiria sana nikiwa napepeta. Bado sijaamua. Utosi ni wangu, nitaamua mwenyewe, na nikiamua hapana usinikumbushe, nikiamua ndiyo utanisindikiza. Kuna siku naamka nasema nina miaka arobaini na minane, za nini. Halafu nachota maji, nayabeba mkononi sasa, sijui kwa nini, napita mbele ya kioo cha Agatha nasimama. Basi ujue nasimama.

Gervas alikuja kula wali, akaanza tena komwe la marehemu. Nikamwambia hilo komwe ukilitaja tena nyumbani kwangu utakula kwako. Akahamia habari za bei ya mpunga. Nilijisikia vizuri siku nzima.

Jumamosi nakuja na Sixte. Nakuletea kilo ishirini za mchele wa jaruba la chini na hakuna miche kwenye gunia, angalia mwenyewe. Kikundi bado kinadai picha ya kadi. Hiyo nipige na kitambaa, ni ya serikali. Baada yake nataka nyingine. Funga mlango, weka pazia, mwambie mteja yeyote arudi Jumatatu. Nataka ya utosi, karibu, na usiisafishe kwenye kompyuta. Iandike mwaka nyuma, iweke kwenye ile bahasha na zako, tuone tunaanzia wapi. Kitambaa nitakitoa mwenyewe, usinisaidie.

Ila kofia yako utaitoa kwanza.

Dada yako,
Getrude